Dakika Tatu za Joachim

Likasi, Jumatatu 11 Februari 1991

Yaya Mélanie,

Aruna dereva akikukabidhi barua hii atakupa pia betri nne zilizofungwa kwenye gazeti. Ni za redio ya Mama. Mwambie azitie leo hii, kisha saa sita mchana afungue amsikilize mwanawe wa mwisho akisoma matangazo ya vifo. Najua utacheka, dada yangu: mtu gani humwalika mama yake asikilize orodha ya maiti? Lakini ndicho kipindi changu, na hapa Likasi hakuna kinachosikilizwa kama hicho. Saa sita ikifika hata wauza samaki sokoni wananyamaza. Kila mtu anataka kujua nani ametangulia na kilio kiko mtaa gani, asije akalaumiwa kwamba hakufika.

Nyumbani tu wazima. Mke wangu Anne anakusalimu, watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya mvua hizi.

Unamkumbuka Joachim, rafiki wa kaka Germain, aliyesoma naye Mulungwishi na aliyekuwa akila bukari, ugali wote, akatuachia sufuria tupu kila Jumapili? Amekuwa mtu wa siasa. Tangu vyama viruhusiwe ameanzisha chake, Chama cha Majirani, pale Kakontwe anakovunja mawe. Wanachama ni thelathini na mmoja, nimemwuliza mwenyewe. Wana mhuri na barua ya kusajiliwa, hawana gari wala kipaza sauti. Alhamisi mbili sasa amekuja redioni na karatasi yake. Wanataka kuwaita watu wa mtaa kwenye mkutano, wachague watakaokwenda kusemea bomba lao la maji lililokauka tangu mwaka jana.

Ukutani kwetu mkurugenzi amebandika sheria: kila chama kilichosajiliwa kina dakika tatu Jumamosi, kiwe kikubwa au kidogo. Kwa hiyo Joachim atapata zake. Kuna mambo madogo ya ofisi yanayochelewesha. Ameambiwa arudi Alhamisi.

Mdogo wako,
Urbain


Koni, Alhamisi 14 Februari 1991

Mdogo wangu Urbain,

Betri zimefika lakini redio haikuzitaka. Haikuwa na njaa, ilikuwa imekufa kabisa tangu Krismasi ilipoanguka kutoka kabatini. Betri zako ziko kwenye tochi ya mume wangu Philippe, anatembea nazo huko kituo cha umeme kama yeye ndiye mkubwa wao wote. Kwa hiyo Mama atakusikia siku utakapokuja hapa na mdomo wako.

Barua yako nilimsomea Mama, na pale uliposema Joachim akanirudisha nyuma nisome tena. Alifurahi. Anasema yule mtoto alikuwa na maneno mazuri tangu zamani, ni vyema watu wamsikie. Kisha akauliza kama umempa nafasi. Nikamwambia nafasi si yako, ni ya mkurugenzi. Mama akanyamaza.

Mimi sinyamazi. Nimekubeba mgongoni, Urbain, nakujua. Ulipovunja chungu hukusema "nimekivunja", ulisema chungu kimevunjika. Sasa unaniandikia mambo yanachelewesha, Joachim ameambiwa. Ameambiwa na nani? Karatasi yake imeshikwa na nani?

Jumapili jua lilichomoza kidogo, Mama akatoa sanduku la Germain kama kawaida yake. Akatandaza koti na viatu vya mpira, gitaa akalipangusa. Huu ni mwaka wa kumi na tatu tangu vita vya Kolwezi vimpeleke kusikojulikana, na bado anasema nguo isiyopigwa jua itamkuta na harufu akirudi. Siku hizi simbishii. Ninamshikia tu upande wa pili wa sanduku, maana ni zito.

Yaya wako,
Mélanie


Likasi, Jumatatu 4 Machi 1991

Yaya,

Umeuliza nani ameshika karatasi. Mimi.

Sikutaka kukuandikia, ndiyo maana nimekaa kimya wiki mbili. Mkurugenzi aliniita tangu Januari akanieleza taratibu, kwa upole, hata akanipa kiti. Chama cha zamani kina saa yake nzima kama siku zote. Vile vyama viwili vikubwa vya upinzani, vyenye magari na mawakili, vipewe dakika tatu zao, maana wanajua kulalamika Lubumbashi. Hawa wadogo, akasema, usiwakatalie. Ukimkatalia mtu anakwenda kushtaki. Pokea karatasi kwa mikono miwili, mwambie inasomwa, mwambie arudi Alhamisi. Karatasi iweke kwenye droo.

Nimefanya hivyo Alhamisi tano. Joachim huja kwa miguu kutoka Kakontwe, vumbi jeupe la mawe limemjaa kwenye nyusi. Karatasi yake huiandika upya kila mara kwa sababu tarehe ya mkutano imepita. Maneno ni yaleyale, sasa nayajua kwa moyo. Huniuliza habari za Mama, kisha hukaa kwenye benchi kusubiri kidogo, kama kwamba akisubiri kidogo itakuwa tayari. Ninaingia studio, ninaweka sauti yangu nzuri.

Ningeweza kugoma, yaya. Nina watoto watatu na sijui kazi nyingine ila hii ya kusoma. Hiyo si sababu ya kutosha, ninaijua ilivyo nyepesi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Alhamisi iliyopita hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni akasema neno moja. Alisema: "Urbain, mudogo yangu, minye nimeelewa sasa. Kwa redio yenu muntu anasikilikana kama amekufa tu."

Hakulisema kwa hasira. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Na ni kweli: matangazo ya vifo hayapiti kwa mkurugenzi. Yananijia mimi moja kwa moja, nani atamzuia maiti? Kuna jambo nimelifikiria. Usiniulize bado.

Urbain


Koni, Alhamisi 7 Machi 1991

Urbain,

Nakuuliza hata ukinikataza. Jambo gani? Wewe ukianza kufikiria mambo, sisi wengine hupata kazi ya kuokota vipande.

Usimfanyie Joachim hila. Umeshamkosea mara tano, msomee karatasi yake mara moja, kisha ukubali litakalokuja. Watoto watatu watakula. Philippe na mimi tupo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sina mengi, mtoto wangu mdogo ana homa na ninaandika huku nikimpepea. Redio nayo Philippe ameifungua, vipande vyake vimejaa mezani hatuna pa kulia, na mimi simtegemei. Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Mélanie


Koni, Jumatatu 18 Machi 1991

Urbain,

Ninaandika bila kujua ninamwandikia nani. Ndugu yangu gani huyo anayemtangazia mama yake kifo cha mtoto kwenye redio, bila kutuma mtu?

Philippe alimaliza kuitengeneza redio Alhamisi jioni. Tulitaka kukushangaza. Ijumaa saa sita tukamketisha Mama kwenye kiti, tukaiweka mapajani mwake. Ikasema kwa sauti yako, safi kabisa. Mama akatabasamu, akasema ni yeye. Kwanza ukasoma mzee mmoja wa Kikula. Kisha ukasoma: Germain Kisimba, mtoto wa marehemu Kalenga, aliyekuwa amepotea tangu vita vya Kolwezi, kilio kiko Kakontwe nyumbani kwa Joachim, Jumapili saa nne, ndugu, marafiki na majirani wote wafike. Hukutetemeka hata kidogo.

Mama hakupiga kelele. Aliizima redio mwenyewe, akanipa niiweke juu. Akafungua kilemba. Jumamosi alipata gari la makaa, hakunisubiri. Nami sikuweza kumwacha mtoto na homa, ndiyo maana hamkuniona kwenye kilio cha kaka yangu.

Nieleze. Alikufa wapi? Nani alileta habari? Amezikwa au la? Kwa nini kilio kiwe kwa Joachim na si kwako? Na Mama yuko wapi leo? Aruna anaondoka kesho, atasimama mlangoni kwako mpaka umpe jibu, nimemwomba hivyo.

Mélanie


Likasi, Alhamisi 21 Machi 1991

Yaya Mélanie,

Aruna alisimama mlangoni kweli. Nilimwambia arudi leo, nikaona aibu hata ya sentensi hiyo.

Mama yuko hapa kwangu, amelala chumba cha watoto. Atarudi kesho na gari la Aruna.

Germain hakufa. Ninataka kusema sijui kama amekufa. Hakuna aliyeleta habari. Ni mimi.

Nilimwambia Joachim alete karatasi yake kama tangazo la kifo. Watu wakisikia kilio watakuja, hakuna Mkatanga anayekataa kilio cha jirani. Wakishafika, asimame awaombe radhi, awaeleze kwamba tumekufa sisi tusiosikika, kisha wafanye mkutano wao. Yeye hakupenda. Alisema kifo hakichezewi. Mimi nilimbembeleza, yaya, nilitaka sana kumlipa zile Alhamisi. Mwishowe akaleta karatasi yenye jina la kubuni. Ijumaa, nimeshakaa mbele ya kipaza sauti, nikaliangalia lile jina nikakumbuka kuna familia mbili zinazoitwa hivyo pale Kikula. Nikaona mama wa watu akianguka sokoni. Taa nyekundu ilikuwa imewaka. Nilihitaji jina ambalo hakuna mama angelikimbilia, na nilijua redio yenu ni vipande mezani. Nikasema heri nichukue la kwetu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi nililirudia, maana sikuweza tena kulibadilisha.

Jumapili walikuja watu wanaofika mia mbili. Joachim hajawahi kuona watu wengi hivyo uani kwake. Walikuwapo pia wanaume wawili wenye madaftari ambao hawakujulikana pale mtaani. Joachim alikuwa amenikasirikia kwa lile jina, hakunipa mkono, lakini alisimama na karatasi yake akaanza: majirani zangu, kabla ya kulia, kuna neno. Hapo tukasikia sauti ya Mama inatoka barabarani.

Unajua desturi. Mama wa marehemu akiingia, hakuna neno lingine linalosemwa. Wanawake wote waliinuka wakaenda kumpokea, wakaanguka naye chini. Wanaume wakavua kofia, hata wale wawili wa madaftari wakavua. Joachim alitazama karatasi, akanitazama mimi, akakaa. Alikaa chini kwenye vumbi pamoja na wengine akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, sijui ya nani. Mkutano ukaishia hapo. Bomba halikutajwa.

Nami nilikwenda kumshika Mama. Aliniuliza nani ameleta habari. Watu mia mbili walikuwa wanasikiliza. Nilisema ni msafiri aliyetoka Zambia.

Alishukuru. Aliomba huyo msafiri abarikiwe. Jumatatu alinyolewa nywele, na Jumanne alilala mchana kutwa, usingizi ambao Anne anasema hajamwona nao tangu amjue. Yaya, nakuomba tumwache hivi. Miaka kumi na mitatu amesubiri, sasa amelia amepumzika. Ukweli utamrudishia nini? Nitaubeba mimi.

Urbain


Koni, Alhamisi 28 Machi 1991

Urbain,

Utaubeba. Wewe hujawahi kubeba hata upande mmoja wa lile sanduku.

Nitakueleza huko kupumzika kwake. Jumamosi alilitoa uani, akalifungua, akawaita watu, kwa sababu vitu vya marehemu havikai ndani, vinagawiwa. Koti alimpa binamu yetu. Viatu vya mpira vimekwenda kwa mtoto wa jirani ambaye havimtoshi. Gitaa alipewa mzee Swedi, fundi cherehani, kwa sababu zamani Germain alikuwa akipiga dukani kwake. Wembe, mkanda, shati la shule, kila kimoja alikibusu akakitoa. Aligawa mpaka sanduku lenyewe. Kisha akafagia ile sehemu lilipokuwa, na tangu siku hiyo hatoki nje jua likichomoza. Hana cha kutandaza.

Nilisimama pale nikijua. Barua yako ilikuwa kwenye gauni langu. Nilifungua mdomo mara tatu. Kama nina dhambi katika jambo hili ni hiyo, nayo umenigawia wewe.

Sitamwambia. Kinywa kilichomzika ndicho kimfukue. Uje hapa umwambie uso kwa uso, na kabla hujaja usome kwenye redio yako, saa sita, sauti ileile, kwamba tangazo lile halikuwa kweli. Mimi nikizunguka kwa watu kuomba vitu, watasema kilio kimetuharibu akili. Walilisikia redioni, redioni walisikie tena.

Mélanie


Likasi, Jumatatu 15 Aprili 1991

Yaya,

Asante kwa mlivyonipokea jana. Chakula nilikimaliza kwa sababu Mama alikuwa ananitazama. Nilipomweleza, uliona mwenyewe, alitoa tu mwiba wa samaki kwenye sahani yangu kama nilipokuwa mdogo. Ningependa anipige.

Sikupata nafasi ya kukueleza mambo ya redio mbele yake. Niliandika sahihisho, mistari sita. Lile tangazo la tarehe 15 na 16 Machi halikuwa kweli, familia haina habari yoyote ya Germain, anayeombwa radhi ni mama yake. Kwa kuwa sikutaka tena ujanja, nilikwenda nalo kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Akasema hawezi kulisoma. Tukisahihisha kifo kimoja, watu wataanza kuuliza na vingine. Tena itatubidi tueleze ni kwa nini, na hapo tutakuwa tumekitangaza chama cha Joachim bure. Akaniondoa kwenye kipaza sauti. Sasa niko stoo ya kanda, ninazipanga kwa mwaka.

Nafasi yangu ameipata Georges, kijana mzuri niliyemfundisha mwenyewe. Alhamisi ya kwanza nilimpelekea mistari yangu sita. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema inasomwa, nirudi Alhamisi. Nilikaa kwenye benchi nikasubiri kidogo. Alhamisi ya pili alivuta droo aiangalie kama bado ipo, na humo ndani niliona karatasi tano za Joachim, zimekunjwa nilivyozikunja. Yangu ilikuwa juu yake. Georges alifunga droo taratibu, ananiheshimu sana.

Nikatoka. Sijui nilipitaje mlangoni. Nilikuwa nakijua kile kiti cha kupokea karatasi kwa mikono miwili, sikuwa nalijua lile benchi. Linaumiza mgongo.

Urbain


Koni, Alhamisi 25 Aprili 1991

Mdogo wangu,

Siku ile gari lako lilipoondoka, Mama alijifunga kitenge akachukua fimbo. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kutafuta vitu vya mtoto wake.

Tangu hapo anazunguka kila asubuhi, kichwa kimenyolewa, nyumba moja baada ya nyingine. Nilifuatana naye siku mbili. Anabisha hodi, anakaa, anasalimu vizuri, kisha anasema lile koti alilotoa, analiomba tena, mwenyewe hajafa. Wengine wanalia. Wengine wanamtengea chakula wakidhani ni akili. Binamu amerudisha koti, mke wake ameshashona mfuko uliotoboka. Viatu vimerudi. Sanduku limerudi, lilikuwa limetiwa unga. Mzee Swedi hataki kutoa gitaa. Si mtu mbaya. Anasema redio ilisema amekufa na hajaisikia ikisema amefufuka. Kuchukua kitu cha marehemu na kukirudisha kwa mama asiyejielewa ni mikosi, redio iseme kwanza.

Nilimweleza Mama habari za droo. Hakuelewa, akaniuliza tena, akaelewa. Akaniambia niandike maneno yake vilevile. Haya:

"Urbain, ni minye mama yako njo nasema. Ulikuya, ulisema, nilisikia. Nilikuwa na kintu moja tu, kungojea. Haikuwa kintu kikubwa, lakini ilikuwa yangu, na weye ulinikamatia hiyo bila kuniomba. Sasa narudishaka moja moja. Ule muzee wa gitaa anasema redio iseme. Minye nauliza: huko Likasi kuko fasi ingine muntu anaweza kusema, batu bakasikia, ila redio tu? Kama iko, wende. Na usiseme yee muzima. Sema tu vile weye unajua."

Nimemaliza. Ananiomba nikuambie ule vizuri.

Mélanie


Likasi, Jumatatu 6 Mei 1991

Yaya Mélanie, na Mama,

Yaya, msomee Mama barua hii polepole. Akikwambia urudie, rudia.

Mahali pengine pa kusema, Likasi nzima, palikuwa kwa Joachim tu, na ndipo nilipoona haya zaidi kwenda. Nilikwenda Jumatano. Joachim alikuwa ametoka kwenye mawe, ananawa kwa maji ya ndoo. Sikumwomba msamaha, nilihofu angenipa haraka. Nilimwuliza kama Chama cha Majirani bado kina mkutano. Akasema kipo, Jumapili, wamekwenda kuita watu nyumba kwa nyumba kwa miguu, maana redio haina nafasi. Nikamwomba nafasi kidogo ya kusema. Akajipangusa uso. Nilidhani ataniambia nirudi Alhamisi, na Mungu anajua ningerudi.

Akasema kwao kila mtu anapewa dakika tatu, mwanachama na asiye mwanachama. Ni sheria yao.

Jana walikuwa watu arobaini na wachache. Wengine walikuwapo kwenye kilio cha Machi, nilizitambua nyuso zao. Walipanga mabenchi ya kanisa. Joachim alivua saa yake ya mkono akaiweka mezani, na kila msemaji alipimiwa kwa hiyo. Mwanamke mmoja alisema habari za bomba, akapewa tatu. Mzee mmoja aliyejichanganya na maneno akapewa tatu zake zote mpaka alipotulia. Kisha Joachim akasema jina langu.

Nilisema hivi. Kwamba mimi ndiye niliyesoma. Kwamba Germain Kisimba, ndugu yangu, hatujui kama amekufa au yuko hai, na kwamba hakuna msafiri kutoka Zambia, nilimbuni mbele yao. Kwamba mama yetu waliyelia naye siku ile alikuwa analia kwa uongo wangu. Kwamba kabla ya hapo, Alhamisi tano, nilizificha karatasi za Joachim kwenye droo kwa mkono huu. Kwamba kule Koni kuna mama anayezunguka kuomba vitu vya mtoto wake, na yeyote mwenye ndugu Koni amwambie kwamba ana akili zake timamu, mwongo ni mimi. Mama, sikusema yu mzima. Nilisema ninavyojua.

Hakuna aliyenitukana. Mwanamke wa bomba alikuwa anatazama chini. Wawili walitoka. Aruna, ambaye nilimkuta pale amekaa nyuma bila kuniambia kama angekuja, aliinua kidole akasema Jumanne atasimama kwa mzee Swedi yeye mwenyewe, maana huyo ni mtu wa msikiti wake, na lile gitaa litasafiri mbele kwenye kiti, si nyuma na mizigo.

Nilitaka kwenda kukaa. Joachim akanizuia kwa mkono, akaangalia saa. Akaniambia: "Ungoje. Iko dakika moja imebaki. Ni yako."

Yaya, sikuwa na kitu tena. Nilisimama pale mbele ya watu nikiwa na dakika nzima. Kisha nikakumbuka kwamba kuna maneno mengine ninayoyajua kwa moyo, niliyapokea mara tano. Nikasimama wima, nikayasema kwa sauti yangu ya saa sita, kuanzia mwanzo: Chama cha Majirani kinawatangazia wakazi wote wa mtaa kwamba Jumapili kutakuwa na mkutano, ili wachague watu watatu wa kwenda kusemea bomba la maji, kila mmoja afike, na kila atakayefika atasikilizwa. Tarehe nilitaja ile ya kwanza, ya Februari. Sikujua nyingine ya kuweka.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Joachim alichukua saa yake mezani, akaivaa. Akasema ilikuwa dakika tatu kamili.

Wenu,
Urbain